Andrés Bello: mhariri aliyeipangia Chile sheria, lugha na chuo kikuu

Mwanasheria wa Bogotá, mwalimu wa sarufi wa Santiago na msomaji wa mashairi wa Caracas wote wana Bello wao. Wa kwanza anamjua kwa Kanuni ya Madai ya Chile ya mwaka 1855, yaani kitabu cha sheria za watu binafsi. Wa pili anamjua kwa kitabu cha sarufi ya Kihispania cha mwaka 1847, na wa tatu kwa shairi refu la kilimo lililochapishwa London mwaka 1826. Mtu huyohuyo alikuwa seneta kwa miaka 27, afisa mwandamizi wa wizara ya mambo ya nje, mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chile na mwandishi wa kitabu cha sheria za kimataifa kilichotumiwa karibu bara zima. Akisomewa orodha hiyo, msomaji ana haki ya kuuliza kama anaelezwa habari za mtu mmoja au za watano.

Ni mmoja. Njia nyepesi ya kumwelewa ni kuanzia kwenye kazi aliyoirudia maisha yake yote, yaani uhariri. Mwaka 1808 alikabidhiwa gazeti la kwanza la Caracas, na mwaka 1853 ndipo alipoachana na gazeti la serikali ya Chile. Mhariri hukusanya maandiko ya wengine, huyalinganisha, hukata yasiyofaa, hupanga yaliyobaki, huyatoa hadharani, husikia lawama, kisha husahihisha. Bello alizichukua hatua hizo na kuzitumia kwenye sheria, kwenye lugha na kwenye elimu. Ukishaliona hilo, mafundo mengi ya maisha yake yanafunguka.

Caracas

Alizaliwa Caracas tarehe 29 Novemba 1781, Venezuela ikiwa bado koloni la Hispania. Baba yake alikuwa mwanasheria na mwanamuziki. Kilatini alifundishwa na mtawa mmoja msomi, Cristóbal de Quesada, na mwalimu huyo alifariki wakiwa katikati ya kutafsiri kitabu cha tano cha Aeneid, utenzi wa Virgil, mshairi wa Kirumi. Mwaka 1800 alipata shahada ya sanaa. Kwa muda mfupi alimfundisha kijana Simón Bolívar, aliyekuja kuongoza vita vya uhuru, ambaye alikuwa mdogo kwake kwa miaka isiyofika miwili. Alexander von Humboldt, mtafiti wa Kijerumani, alipopita Caracas, Bello alikuwa miongoni mwa vijana walioandamana naye, na hamu ya mimea, milima na vipimo haikumtoka tena.

Mwaka 1802 aliajiriwa kuwa afisa katika ofisi ya mtawala wa koloni. Kiingereza na Kifaransa alijifunza mwenyewe, na elimu hiyo ilikuja kuwa na uzito wa ghafla. Katikati ya mwaka 1808 yalifika kutoka Trinidad matoleo ya The Times ya London, naye akapewa ayatafsiri. Ndani yake mlikuwa na habari kwamba Napoleon amewang'oa wafalme wa Hispania. Watawala wa Caracas walipata kujua kwamba mfalme wao hayupo tena madarakani kupitia tafsiri ya karani wao.

Miezi michache baadaye Caracas ilipata mashine yake ya kwanza ya chapa, na tarehe 24 Oktoba 1808 likatoka toleo la kwanza la Gazeta de Caracas, Bello akiwa mhariri. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuteua habari kutoka magazeti ya nje, kuzitafsiri na kuzifupisha. Mwanzo huo wa unyenyekevu ndio uliomfunza kuandika sentensi fupi isiyo na mapambo.

Tarehe 19 Aprili 1810 wenyeji wa Caracas walimwondoa mtawala wa Kihispania. Baraza jipya lilituma ujumbe London kuomba ulinzi wa Uingereza: Bolívar, Luis López Méndez, na Bello akiwa katibu. Baadaye maadui walieneza tuhuma kwamba kabla ya mapinduzi Bello alikuwa amewasaliti wenzake kwa watawala. Haikuthibitishwa kamwe, na baraza lenyewe lilimwamini kiasi cha kumtuma London, lakini ilimuumiza hadi uzeeni. Anayetaka kujua kwa nini hakurudi Venezuela hana budi kuiweka hesabuni.

London, miaka 19

Ujumbe ulifika Julai 1810 na kupokewa na Francisco de Miranda, mpigania uhuru wa Venezuela, nyumbani kwake Grafton Street. Bolívar alirudi kwao mwezi Septemba. Bello alibaki, akitarajia kukaa kwa muda mfupi. Jamhuri ya kwanza ya Venezuela ilianguka mwaka 1812, mshahara ukakatika, na katibu wa ujumbe akawa mtu wa kubangaiza. Alifundisha Kihispania, akawa mwalimu wa nyumbani wa watoto wa William Richard Hamilton, afisa mkubwa wa wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, na akasaidia kusoma na kunakili miswada ya mwanafalsafa Jeremy Bentham, ambaye mwandiko wake ulikuwa mgumu kusomeka. Mwaka 1814 alimwoa Mary Ann Boyland, aliyefariki mwaka 1821. Mwaka 1824 alimwoa Elizabeth Dunn. Kwa ndoa zote mbili alipata watoto 15.

Umaskini huo ulikuwa na upande wa pili. Maktaba ya Miranda ilikuwa na maelfu ya vitabu, vya Kigiriki vikiwemo, na Bello alijifunza Kigiriki humo. Ukumbi wa kusomea wa British Museum ulikuwa wazi kwake. Huko ndiko alikoanza kazi aliyoibeba hadi kufa, yaani kuhariri Poema del Cid, utenzi mkongwe wa Kihispania. Muswada pekee uliosalia umepoteza ukurasa wa mwanzo. Bello hakuwahi kuuona kwa macho. Alitumia chapa ya Tomás Antonio Sánchez ya mwaka 1779, akailinganisha na masimulizi ya kale ya nathari yanayohadithia mambo yaleyale, na kwa masimulizi hayo akaziba pengo la mwanzo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu njia ileile ndiyo aliyokuja kuitumia kwenye sheria: weka maandiko mawili au matatu ubavuni kwa ubavu, tazama yanapotofautiana, amua lipi lina mantiki zaidi, eleza kwa nini.

Kuanzia mwaka 1822 alipata ajira ya ukatibu katika ubalozi wa Chile mjini London, kisha mwaka 1825 katika ubalozi wa Colombia. Katika kipindi hicho alitoa majarida mawili akishirikiana na Juan García del Río, mzaliwa wa Cartagena. La kwanza, Biblioteca Americana, lilitoka mwaka 1823 na kusimama baada ya juzuu moja na kipande cha pili, kwa kukosa fedha. La pili, El Repertorio Americano, lilitoka 1826 na 1827, juzuu nne. Jamhuri mpya za Amerika zilikuwa na wasomaji wachache, vitabu vichache na matatizo mengi ya vitendo. Kwa hiyo ndani ya jarida moja ungekuta uhakiki wa mashairi, hati za historia ya vita vya uhuru, maelezo ya jinsi ya kutumia baromita kupima urefu wa milima, na makala kuhusu wadudu wanaotoa rangi nyekundu ya nguo. Kwa Bello huo haukuwa mchanganyo wa hovyo. Nchi inayoanza upya inahitaji vyote kwa pamoja, naye alivipanga kwa sehemu: fasihi na sanaa, hisabati na sayansi, kisha maadili na historia.

Shairi lake kubwa, wimbo wa kilimo cha ukanda wa joto, lilitoka katika toleo la Oktoba 1826. Linataja miwa, kakao, kahawa, pamba, mihogo, mahindi na migomba, na linawasihi raia wa jamhuri mpya waache anasa za mijini na chuki za vita, warudi mashambani. Ni ushairi wa mtu aliyesoma Virgil na Humboldt kwa pamoja. Msomaji wa leo huenda akachoshwa na mahubiri yake, lakini beti zinazoorodhesha mimea zina uhai ambao waigaji wake hawakuupata.

Chile: serikalini na gazetini

Mwaka 1829, akiwa na deni, familia kubwa na mshahara wa Colombia usiofika kwa wakati, alikubali mwaliko wa serikali ya Chile uliopitia kwa Mariano Egaña, mwanadiplomasia wa Chile. Aliondoka London Februari na kutia nanga Valparaíso mwezi Juni. Bolívar alikuwa ameandika barua kuomba Bello azuiwe asipotee, barua ilichelewa.

Chile aliyoikuta ilikuwa inaingia vitani yenyewe kwa yenyewe. Wahafidhina walishinda pigano la Lircay mwaka 1830, na Diego Portales akawa mwenye nguvu nyuma ya serikali. Bello aliitumikia serikali hiyo. Waliberali hawakumsamehe, na lawama yao ina msingi: utawala ule ulikuwa mkali, na jina la msomi mashuhuri liliupa heshima. Jibu lake lilikuwa kazi. Aliona nchi zinazobadilisha katiba kila mwaka bila mahakama zinazoeleweka, bila shule na bila hati za ardhi, akaamua kwamba uhuru usio na taasisi hautadumu. Alihusika kuandaa Katiba ya 1833, ambayo iliishi hadi 1925.

El Araucano, gazeti la serikali, lilianzishwa Septemba 1830. Bello alishika kurasa za habari za nje, sayansi na fasihi. Humo alieleza mikataba, alipinga udhibiti wa vitabu vinavyoingia nchini, na baadaye alichapisha rasimu za sheria. Kwenye wizara ya mambo ya nje alikuwa mtu ambaye mawaziri walibadilika yeye akabaki, hadi alipostaafu mwaka 1852. Bunge lilimpa uraia wa Chile mwaka 1832, na mwaka uleule akatoa kitabu chake cha sheria za kimataifa, alichokirekebisha na kukitoa upya mwaka 1844 na 1864.

Mfano mmoja unaonyesha alivyofikiri katika diplomasia. Mataifa makubwa yalizidai jamhuri mpya kipengele cha taifa linalopendelewa zaidi: nafuu yoyote ya ushuru utakayompa mwingine, nipe na mimi. Kipengele hicho kinaonekana cha haki, lakini kikikubaliwa bila sharti, Chile isingeweza kumpa Peru nafuu bila kuwapa pia Waingereza na Wamarekani. Bello akaingiza sharti: nafuu zitakazotolewa kwa jamhuri ndugu za Amerika ya Kihispania hazihesabiwi. Mkataba wa Chile na Marekani wa mwaka 1832, ambao Bello aliujadili kwa niaba ya Chile, unazitaja nchi hizo kwa majina, zikiwemo Bolivia, Colombia, Mexico na Peru. Wanadiplomasia wa huko wanakiita mpaka leo kipengele cha Bello.

Lugha: hofu ya Kilatini kurudia

Bello alikuwa na hofu moja iliyo wazi katika dibaji ya sarufi yake. Dola la Roma lilipovunjika, Kilatini kilimeguka kikawa lugha mbalimbali. Hispania nayo ilikuwa imevunjika Amerika. Kama kila jamhuri ingekwenda na tahajia yake na sarufi yake, baada ya karne chache mtu wa Lima asingesoma sheria ya Santiago. Palepale alikataa kwamba dawa yake ni kuinamia Madrid. Aliandika bayana kwamba hawaandikii watu wa Castilla, kitovu cha Hispania, anawaandikia ndugu zake wakazi wa Amerika ya Kihispania.

Kwenye tahajia alianza mapema. Mwaka 1823, yeye na García del Río walipendekeza herufi zifuate sauti: sauti moja, herufi moja. Herufi j ichukue nafasi ya g kila inapotoa sauti ya koo, i ichukue nafasi ya y inapokuwa irabu, na h isiyotamkwa iondoke. Walijua kwamba mageuzi ya mara moja hukataliwa, wakayagawa katika awamu mbili. Mwaka 1843 Sarmiento, Muargentina aliyekuwa uhamishoni Chile, alileta pendekezo kali zaidi lililotaka kufuta herufi kadhaa. Chuo Kikuu kilichuja na mwaka 1844 kikapitisha sehemu ndogo. Kwa miongo mingi Chile iliandika lei na jeneral mahali pengine palipoandikwa ley na general. Tatizo lilikuwa dhahiri: tahajia iliyobuniwa kuunganisha bara ikaishia kuitenga nchi moja, kwa kuwa majirani hawakufuata. Mwaka 1927 serikali ya Chile iliifuta kwa amri.

Kwenye matumizi alikuwa mkali kuliko kwenye nadharia. Mwaka 1833 na 1834 alichapisha katika El Araucano maonyo kwa wazazi na walimu, akishambulia namna Wachile walivyomwambia mtu vos badala ya tú, maneno yote mawili yakimaanisha wewe. Shule zilimtii. Katika maandishi na mazungumzo rasmi vos ilififia, ila mitaani haikufa, na vijana wa Chile wanaitumia hadi leo. Hapa naona Bello alikosea kipimo: alitaka msemo wa watu wengi uondoke kwa sababu haukulingana na ukawaida alioutaka yeye.

Sarufi yenyewe ya 1847 ni kazi ya kiwango kingine. Vitabu vya wakati ule viliibana Kihispania ndani ya kalibu ya Kilatini, vikiipa nomino hali za kubadilika ambazo haina. Bello alizitupa. Alisema kila lugha ichunguzwe kana kwamba hakuna nyingine duniani. Mchango wake mzuri zaidi ni majina ya njeo za vitenzi. Alianza na tatu za msingi: wakati uliopo, uliopita na ujao. Kisha akatumia viambishi vitatu, ante kwa jambo lililotangulia, co kwa lililoambatana na pos kwa lililofuata. Chukua kitenzi cantar, kuimba. Canté (niliimba) ni wakati uliopita. Cantaba (nilikuwa nikiimba) huenda sambamba na jambo jingine lililopita, kwa hiyo ni copretérito. Cantaría (ningeimba) huja baada ya jambo lililopita, kwa hiyo ni pospretérito. He cantado (nimeimba) hutangulia sasa, basi ni antepresente. Viambishi hujengana: había cantado (nilikuwa nimeimba) ni tendo lililotangulia jambo lililoambatana na jingine la zamani, nalo likaitwa antecopretérito. Jina linampa mwanafunzi hesabu kamili ya mahali tendo lilipo. Hispania haikuufuata mfumo huu, lakini shule za Mexico bado hufundisha copretérito na pospretérito.

Chuo kikuu kisichofundisha

Sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Chile ilipita Novemba 1842, na chuo kikazinduliwa tarehe 17 Septemba 1843. Kilikuwa na vitivo vitano: falsafa na fasihi, sheria na siasa, hisabati na sayansi, tiba, na teolojia. Wengi hudhani kwamba madarasa yalianza siku hiyo. Mwanzoni chuo kilikuwa kama akademia. Wanachama wa vitivo walifanya utafiti, walisimamia mitihani na walikagua shule za nchi nzima, huku ufundishaji wenyewe ukiendelea katika Instituto Nacional, shule kuu ya serikali. Kila mwaka mwanachama mmoja aliteuliwa kuandika tasnifu ya historia ya Chile.

Tasnifu ya kwanza, ya José Victorino Lastarria mwaka 1844, ilizua mjadala. Lastarria alitaka historia iwe hukumu: Hispania ilituachia utumwa wa fikra, tuseme hivyo. Bello hakuitetea Hispania. Alisema kwamba kabla ya hukumu lazima kuwe na hati, tarehe na matukio yaliyothibitishwa, na kwamba nchi ambayo nyaraka zake hazijasomwa haiwezi kuanza na falsafa ya historia. Alirudia hoja hiyo mwaka 1848. Ilikuwa tena sauti ya mhariri: onyesha andiko kwanza.

Alikuwa mkuu wa chuo hadi kifo chake, miaka 22.

Kanuni ya Madai

Wasomaji wa Kongo na Burundi wanaifahamu familia hii ya sheria kupitia Wabelgiji, waliorithi kanuni ya Napoleon ya mwaka 1804. Kwa wasomaji wa Tanzania, Kenya na Uganda, waliolelewa katika mfumo wa Kiingereza ambamo hukumu za majaji hujenga sheria, inafaa kueleza kwamba kanuni ya madai ni kitabu kimoja kinachokusudia kubeba kanuni zote za msingi za watu binafsi: nani ni mtu mbele ya sheria, ndoa na watoto, mali, urithi na mikataba.

Kabla ya 1857, hakimu wa Chile alikuwa na rundo. Zilikuwepo Siete Partidas, mkusanyo wa sheria za Castilla wa karne ya 13, mikusanyo ya sheria za wafalme wa Castilla, sheria za makoloni, na juu yake amri za jamhuri mpya. Wakili mjanja aliweza karibu kila mara kupata kifungu cha kumfaa mteja wake. Ndiyo maana kesi za urithi na mipaka zilidumu hadi walalamikaji wakazeeka.

Mwaka 1840 Bunge liliunda tume. Kwa kweli kazi iliangukia kwa Bello, na mwaka 1841 rasimu za kwanza, zinazohusu urithi, zilianza kuchapishwa katika El Araucano ili yeyote mwenye maoni ayalete. Hatua hiyo ndiyo siri ya mafanikio ya kitabu. Majaji na mawakili walisoma, wakaandika, naye akasahihisha. Tume zilichoka na kukoma kukutana. Yeye aliendelea peke yake. Rasimu kamili ilichapwa mwaka 1853, ikasambazwa mahakamani, kisha ikapelekwa kwenye tume ya mapitio chini ya uenyekiti wa Rais Manuel Montt mwenyewe, iliyokaa vikao zaidi ya 300. Ilifika Bungeni tarehe 22 Novemba 1855 pamoja na utangulizi alioutunga Bello, ikapitishwa nzima bila kujadili kifungu kimoja kimoja, na ikatiwa saini tarehe 14 Desemba. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1857, ikiwa na vifungu 2,524 na kifungu cha mwisho cha kufuta sheria za zamani. Bunge lilimpa shukrani na peso 20,000.

Hapa pana fundo ambalo wanasheria bado hulijadili. Sheria ilimkabidhi Bello pia kazi ya kutoa chapa sahihi ya kitabu. Akiisimamia, hakuishia kurekebisha makosa ya herufi. Alibadilisha maneno hapa na pale baada ya Bunge kupitisha. Chapa ya 1856 ndiyo iliyokuja kuwa andiko rasmi. Mabadiliko yenyewe kwa sehemu kubwa yaliboresha uwazi, lakini ni mhariri akigusa sheria baada ya mtunga sheria kuondoka mezani.

Alichota wapi? Mpangilio wa kanuni za mikataba umetegemea sana Wafaransa. Urithi na mambo mengi ya familia yana mizizi katika sheria za Kirumi na za Kihispania. Alisoma pia kanuni ya Louisiana, rasimu ya Hispania ya García Goyena ya 1851, na maandishi ya wanasheria Pothier wa Ufaransa na Savigny wa Ujerumani. Hakunakili. Mambo matatu yanaonyesha hivyo.

La kwanza ni ardhi, na ndilo lenye uzito. Kwa kanuni ya Ufaransa ya 1804, mkitia saini mauzo ya shamba, umiliki umehama papohapo. Hatari yake ni kwamba mtu wa tatu hana pa kuangalia: mwenye hila anauza shamba leo kwa huyu, kesho kwa yule. Bello alitenganisha vitu viwili, sababu ya kuhamisha mali na tendo la kuihamisha. Mkataba wa mauzo, ambao kwa ardhi lazima uwe hati rasmi mbele ya mthibitishaji, unampa mnunuzi haki ya kudai akabidhiwe. Umiliki unahama pale tu hati inapoandikwa katika daftari la msajili wa ardhi, kwa mujibu wa kifungu cha 686. Anayewahi kusajili kwa haki ndiye mwenye shamba. Aliyeachwa anamdai muuzaji fidia.

Udhaifu ulibaki. Bello hakuwalazimisha wenye ardhi wote kusajili siku moja, kwani aliogopa vurugu na gharama. Alitarajia kwamba kadiri mali zinavyouzwa na kurithiwa zingeingia daftarini zenyewe, hadi usajili na umiliki viwe kitu kimoja. Mchakato ulikwenda polepole. Tena, msajili huandika anacholetewa. Serikali haidhamini kwamba muuzaji alikuwa mwenye mali wa kweli. Ndiyo maana pakazuka usajili wa makaratasi tu, mtu akiwa na jina daftarini huku mwingine analima shamba miaka na miaka, na mahakama za Chile zimegawanyika mara nyingi kuhusu yupi alindwe. Kwa sababu hiyo wakili wa mnunuzi hukagua mlolongo wa hati kurudi nyuma miaka 10, muda ambao leo unatosha kumaliza madai ya zamani. Katika kanuni ya awali muda huo ulikuwa miaka 30.

La pili ni wageni. Kanuni ya Ufaransa ilimpa mgeni haki za kiraia kwa kadiri nchi yake ilivyowapa Wafaransa. Kifungu cha 57 cha Bello kinasema sheria haitofautishi kati ya Mchile na mgeni katika kupata na kufaidi haki za kiraia. Kimeandikwa na mtu aliyekuwa mgeni London kwa miaka 19 na Chile alikofia.

La tatu ni ufasaha. Vifungu vingi vina fasili, na baadhi vina mifano ndani yake. Katika utangulizi Bello alikiri kwamba kitabu kingekuwa kifupi bila mifano hiyo, akaeleza kwamba ameibakiza ili kanuni ionekane ikifanya kazi. Kifungu cha 19 hadi cha 24 vinamfundisha jaji namna ya kusoma: maana ikiwa wazi usiiache, maneno yachukuliwe kwa maana ya kawaida, maneno ya fani kwa maana ya wenye fani, sehemu moja ya sheria iangaze nyingine. Ni mwalimu wa sarufi anayesema na mahakimu.

Kwenye urithi hakupata alichotaka. Yeye mwenyewe alielekea kwenye uhuru mpana wa wosia. Mapatano yaliyofikiwa yaligawa mali ya mzazi hivi: katika peso 12,000, 6,000 ni za warithi wa lazima, 3,000 mzazi anaweza kuwaongezea wazao anaowachagua, na 3,000 anampa amtakaye.

Kasoro nzito zaidi ziko kwenye familia. Mke aliwekwa chini ya mamlaka ya mume na hakuweza kusimamia mali yake wala kufanya mikataba bila idhini. Ndoa iliachwa mikononi mwa Kanisa, hadi sheria ya ndoa ya kiserikali ya 1884. Watoto waligawanywa kwa madaraja kulingana na ndoa ya wazazi, na aliyezaliwa nje ya ndoa alipata kidogo au hakupata kitu. Haya hayakuwa mambo madogo kwa waliobeba mzigo wake. Uwezo kamili wa kisheria wa mwanamke aliyeolewa ulisubiri mabadiliko ya 1989, na usawa wa watoto ulisubiri sheria ya 1998.

Nchi nyingine ziliichukua upesi. Ecuador na El Salvador ziliipokea karibu nzima ndani ya miaka michache, na majimbo kadhaa ya Colombia yalifanya vivyo hivyo kabla haijawa sheria ya taifa zima mwaka 1887. Nicaragua ilifuata mwaka 1867, Honduras mwaka 1880. Dalmacio Vélez Sarsfield wa Argentina aliitumia sana alipotunga kanuni ya nchi yake. Iliwezekana kwa sababu Bello alikuwa ameondoa mambo ya Chile pekee kadiri ilivyowezekana, na kwa sababu lugha yake ilieleweka Quito kama ilivyoeleweka Santiago.

Baada yake

Bello alifariki Santiago tarehe 15 Oktoba 1865, akiwa na miaka 83. Serikali ya Chile iligharimia mkusanyo wa kazi zake, juzuu 15, uliotoka kati ya 1881 na 1893. Miguel Luis Amunátegui, mwanafunzi wake, alitumia miaka kuyasoma makaratasi aliyoyaacha, kwani mwandiko wake ulikuwa mbaya kupindukia. Uhariri wake wa Poema del Cid na kitabu chake cha falsafa ya fikra vilichapwa mwaka 1881, miaka 16 baada ya kifo chake. Caracas nayo ilitoa mkusanyo wake katika nusu ya pili ya karne ya 20.

Anayesoma Kihispania na anataka kuanza, aanze na maandiko matatu mafupi: hotuba ya uzinduzi wa chuo ya 1843, dibaji ya sarufi ya 1847, na utangulizi wa Kanuni ya Madai wa Novemba 1855. Kisha asome vifungu vya 19 hadi 24 na cha 670 hadi 686 vya kanuni yenyewe, akiwa na kanuni ya Ufaransa ya 1804 pembeni. Mashairi yanaweza kusubiri.